Udongo Usikauke

Paris, 1871

6 Machi, Jumatatu
Daftari hili amenipa rafiki yangu Annet, mwanamume wa kijiji chetu. Anasema mtu aliyejifunza kusoma ukubwani asipoandika kila siku herufi zinamtoroka. Haya, naandika. Mimi ni Marien Bussière, mwashi, mtu wa Creuse, huko mashambani, miaka thelathini na minne. Wajerumani walituzingira majira yote ya baridi, tukala farasi na panya, na sasa vita vimekwisha na hakuna mtu Paris anayetaka kujengewa ukuta. Siwezi kurudi kwa mke wangu mikono mitupu. Leo nimeanza kazi kwa mchongaji wa sanamu, Bwana Évariste Lormeau, mtaa wa Vaugirard.

Kazi ni kukanda udongo, kuwasha jiko na kulowesha mashuka. Mwisho wa karakana umesimama kitu wanachokiita Ubao: mbao zilizounganishwa, upana wa hatua saba, kimo cha mtu na nusu, na juu yake udongo mbichi. Watu kumi na saba wanatoka kwenye lango la mji na bunduki begani. Ni kikosi cha mtaa huu. Walimwagiza kazi hiyo wakati wa kuzingirwa, ili ikiisha imwagwe shaba. Udongo ukikauka unapasuka. Ukiganda kwa baridi unapasuka. Ukilowa kupita kiasi unaporomoka. Kwa hiyo unavikwa mashuka yenye unyevu asubuhi, mchana na jioni, na wa kuyalowesha ni mimi.

8 Machi
Amenipiga. Nilifunua Ubao kwa kuvuta shuka badala ya kuliinua, likatoka na kifungo cha koti. Alinirushia nyundo ya mti, ikanipata kwenye paja. Kisha akaniambia nimrudishie nyundo yake.

9 Machi
Nimelowesha. Paja limevimba.

12 Machi, Jumapili
Annet kanipeleka kunywa mvinyo kwa ajili ya paja. Sisi wawili tumetoka kijiji kimoja. Tulikuja Paris kwa miguu tukiwa na miaka kumi na saba, tukilala kwenye mazizi. Yeye alioa hapa, dobi anayeitwa Zélie, na kabla ya vita alikuwa akikoroga plasta kwa huyuhuyu Lormeau.

"Tajiri gani anarusha nyundo?" nikamuuliza.

"Bikari? Kwako ameanza kwa upole," akasema Annet. Wote wanamwita Bikari kwa sababu ya ile bikari kubwa ya chuma, yenye miguu iliyopinda, iliyoning'inia mlangoni. Anapimia nyuso za watu.

Ndipo akanisimulia. Miaka kumi iliyopita Lormeau alichonga mtu uchi anayenoa fyekeo, akampeleka kwenye maonyesho makubwa ya mwaka. Waamuzi wakamzunguka yule mtu mara mbili wakasema: huyu hakuchongwa, huyu ni mtu hai aliyemwagiwa plasta mwilini, akavuliwa kama soksi. Kwa wachongaji hakuna tusi linalozidi hilo. Ni mwizi. Lormeau akakosa nishani, akakosa wateja, mkewe akaondoka. Tangu hapo plasta haiingii karakana mpaka udongo umekamilika, na mtu akisema tu "inafanana sana," anatoa bikari.

"Na nyuso za Ubao?"

"Zetu," akasema Annet. "Mimi ni wa tatu kushoto, ninayeimba. Nilikaa kwenye kigoda wiki mbili mdomo wazi, nzi wakiingia na kutoka. Zélie anasema ndiyo mara ya kwanza nimefungua mdomo bila kusema upuuzi."

18 Machi
Alfajiri jeshi lilikwenda kuchukua mizinga ya vikosi vya raia huko Montmartre. Watu wakakataa. Majenerali wawili wamesimamishwa bustanini wakapigwa risasi. Serikali imekimbilia mji wa jirani, Versailles, na mji sasa ni wa vikosi. Annet alikuja mchana na kofia ya kijeshi imeegemea sikio moja.

"Nani atawalipa mishahara?" nikamuuliza.

"Sisi wenyewe tutajilipa."

"Na mkikosa?"

"Tutakosa wenyewe. Acha kuwa mzee, Marien."

Lormeau hakugeuka. Alikuwa akitengeneza pua ya mtu wa kumi na moja. Nimelowesha mara tatu.

19 Machi
Nimelowesha.

25 Machi
Baridi kali usiku. Nililala karibu na jiko ili udongo usigande. Lormeau alikuja asubuhi, akaweka kiganja juu ya kila uso kama anayepima homa ya watoto, kisha akaniambia moshi wa jiko umemchafulia madirisha.

29 Machi
Zélie kaleta mashuka mengine mawili. Ya kwanza yalioza. Haya ni aliyotoka nayo kwao alipoolewa, yana herufi zake za nyuzi nyekundu pembeni.

"Shemeji, haya ni mazuri mno kwa udongo," nikamwambia.

"Yametoboka katikati. Annet ana visigino kama patasi." Akasogea akamtazama mumewe wa udongo. "Tena angalia yasipotee. Namkopesha Bwana Lormeau, simpi."

4 Aprili
Juzi na jana vikosi vilitoka kwenda kuishambulia Versailles. Viongozi wao waliwaambia jeshi halitapiga risasi. Lilipiga. Mizinga ya ngome iliwachana katikati wakiwa barabarani wanaimba. Waliotekwa wengine walichaguliwa kwa kidole wakauawa hapohapo kando ya shamba.

Annet alirudi jana jioni. Nusu ya juu ya sikio lake la kulia imekwenda na risasi. Alikaa kwenye kigoda, Zélie akamfunga kitambaa, damu inatiririka mpaka kwenye shingo ya shati. Alikuwa akicheka na meno yanagongana.

"Ingekuja hivi kidogo," akasema, "ungekuwa mjane mwenye mashuka mazima."

Lormeau akaja. Nilidhani atampa pole. Akasema, "Ondoa kitambaa." Zélie akamtazama tu. Annet akaondoa mwenyewe. Lormeau akalitazama lile sikio muda mrefu, kutoka mbele, kutoka upande, akaenda kwenye Ubao, akachukua kisu, akalikata sikio la mtu wa tatu kushoto vilevile. Kisha akalifinyafinya mpaka nyama ya udongo ikawa imechanika kama nyama.

Zélie alitema mate sakafuni akatoka. Mimi usiku huo nilitamani kumvunja vidole. Lakini lazima niandike ukweli, kwamba leo asubuhi nilipofunua shuka, niliona maumivu yenyewe kwenye ule udongo.

11 Aprili
Mvua. Nimelowesha kidogo tu.

20 Aprili
Leo tumecheka, tumshukuru Mungu. Alikuja ofisa mmoja wa mtaa kukagua kazi. Akasimama mbele ya mtu wa sita, akasema, "Huyu si ni Fayolle mwoka mikate? Mtu angedhani mmemmwagia plasta."

Hakukusudia ubaya. Lormeau akawa mweupe.

"Marien. Kamlete Fayolle."

Nikaenda nikamtoa Fayolle dukani na unga mpaka kwenye nyusi. Lormeau akamsimamisha kando ya Ubao, akatwaa bikari, akampima kutoka mfupa wa shavu mpaka mfupa wa shavu, akahamisha bikari kwenye udongo. Haikupita, ikapungua kwa unene wa kucha. Akapima kidevu, paji, pua.

"Unaona? Unaona? Uso wa plasta ungekuwa sawasawa na wake. Wangu ni mkubwa. Sanamu ikiwa kipimo cha mtu inaonekana mtoto. Ni jicho hili, bwana, ni jicho."

"Kumbe mimi ni mdogo kuliko mimi," akasema Fayolle.

"Nyamaza, nakupima pua."

"Pima, pima. Ila mikate inaungua."

Ofisa akaomba radhi mara tatu. Lormeau alikunywa maji mara mbili tatu, akaning'iniza bikari mahali pake, akaifuta, akaining'iniza tena. Nilianza kumwonea huruma, na jambo hilo likaniudhi.

30 Aprili
Mizinga kutwa nzima upande wa ngome ya Issy. Vioo vinalia. Mchana nilikwenda kusaidia kubeba majeruhi kwenye mikokoteni, nikachelewa. Pembe ya juu ya Ubao ikakauka, ukapita ufa mwembamba kwenye bega la mtu wa mwisho.

Alinipiga kwa kibao cha kupigia udongo, mdomoni. Jino limekatika. Nilimshika koo nikamsukuma ukutani, nikaona jinsi ambavyo ni mwepesi, ni mifupa na shati. Ningeweza. Akasema kwa sauti ndogo, "Maliza baadaye. Lowesha kwanza."

Nikalowesha. Damu yangu ilidondokea shuka la Zélie.

1 Mei
Sikwenda.

2 Mei
Nimekwenda. Hakuna kazi nyingine mji huu ila kuua. Nimelowesha.

9 Mei
Ngome imeanguka. Joto limeanza, udongo unakunywa maji kama punda. Mara tano kwa siku.

16 Mei
Wameiangusha ile nguzo kubwa ya shaba ya kusifu vita vya mfalme wa zamani, juu ya kitanda cha samadi. Annet alikuwa miongoni mwa waliovuta kamba. Amerudi na kipande cha shaba cha ukubwa wa kidole gumba, ni mguu wa askari mdogo kutoka kwenye nguzo. Akampa Lormeau kwa mzaha. Lormeau akaugeuza geuza.

"Aliyeufanya huu alijua goti," akasema. Akautia mfukoni.

22 Mei, Jumatatu
Jeshi la Versailles limeingia mjini tangu jana jioni. Asubuhi watu walikuwa wanang'oa mawe ya barabara kwenye pembe yetu na kuyapanga yawe boma la kuzuia njia. Hata mimi nimepanga. Mwashi hawezi kuona mawe yanapangwa vibaya akapita. Annet alinipigia kelele kwamba nimejenga boma kama kanisa, lenye pembe sawa. Zélie alikuwa anapitisha mkate. Saa nane mchana risasi za kwanza. Mwanamke mmoja wa duka la maziwa amepigwa tumboni mlangoni pake. Nimemwingiza ndani. Amekufa akiulizia ufunguo.

Nimelowesha saa kumi na moja. Lormeau alikuwa anafanya kazi. Kila mzinga ukilia anatoa kidole kwenye udongo, anangoja, anarudisha.

23 Mei
Nitaandika yote.

Asubuhi boma lilishikilia. Saa tano wakatuzunguka kwa kutoboa kuta za nyumba, chumba hadi chumba, wakatokea madirishani juu ya watu wetu. Niliona kutoka uani watu wa Ubao wakianguka wakiwa watu wa kweli. Wa pili. Wa nne, akijiburuta. Waliosalimu amri waliambiwa waonyeshe mikono. Mwenye baruti viganjani, au alama ya bunduki begani, aliwekwa kando, na waliowekwa kando walipigwa risasi kwenye ukuta wa duka la mkaa.

Annet aliingia kwa kuruka ukuta wa nyuma. Nilimvua koti la kijeshi, nikalisukumiza ndani ya jiko. Nikampa shati langu la pili la kazi na kofia ya kitambaa, nikaivuta mpaka masikioni. Kisha nikamtumbukiza mikono kwenye pipa la udongo hadi viwiko. Udongo hufunika baruti. Nikampaka na usoni.

"Sasa wewe ni mkanda udongo," nikamwambia. "Kanda. Usiseme."

"Lini nimewahi kutosema?" akasema, lakini alianza kukanda.

Lormeau alituona. Alishusha mashuka juu ya Ubao mwenyewe, taratibu, akachukua ufagio. Namwandikia hilo, nalo ni haki yake.

Wakaingia saa saba. Kapteni mmoja mwembamba, glavu safi, na askari sita. Wakapekua. Akamtazama Annet, akatazama mikono yake.

"Huyu?"

"Kibarua wangu," akasema Lormeau. "Wote wawili. Wa Creuse. Hawajui hata kusoma."

Kapteni akacheka kidogo. Akanitazama mimi pia. Tumepona, nikawaza. Walikuwa wanatoka. Wanne walikwisha vuka mlango. Kapteni akapita karibu na Ubao, akainua pembe ya shuka kwa ncha ya upanga, kwa udadisi tu. Akalitupa nyuma lile shuka. Akasimama. Alikuwa mtu aliyesoma, aliyewahi kwenda kwenye yale maonyesho, ilionekana kwa jinsi alivyorudi nyuma hatua mbili na kufumba jicho moja.

"Lormeau," akasema. "Lormeau wa mnoa fyekeo. Nakumbuka." Akaweka glavu karibu na uso wa Fayolle. "Na hujaacha, naona. Plasta kwenye ngozi. Hakuna mkono wa mtu unaofika hapa."

Nilimwona Lormeau akifungua mdomo na sikuwa na njia ya kuuziba.

"Pima," akasema.

"Nipime nini?"

"Pima, bwana. Bikari ile pale. Miaka kumi nasubiri mmoja wenu aje na macho yake apime." Alikuwa ameshaishika. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye njaa. "Annet, njoo hapa. Simama hapa."

Ndivyo alivyosema. Annet, njoo hapa.

Annet hakusogea. Lormeau akaenda akamshika mkono akamvuta mpaka kando ya mtu wa tatu kushoto, akamvua kofia ili apate paji, akamfuta udongo shavuni kwa kiganja. Akapima. Shavu kwa shavu. Akahamisha. "Tazama, imepungua kwa unene wa kucha. Tazama kidevu. Plasta inaongopa? Haiwezi kuongopa. Basi hii si plasta. Nimeifanya kwa jicho."

"Kweli," akasema kapteni polepole. "Nakuomba radhi, Bwana Lormeau. Umenithibitishia." Alikuwa haangalii bikari. Alikuwa anaangalia kichwa cha Annet, na kichwa cha udongo chenye kofia ya kikosi na namba ya kikosi.

Annet akanitazama mimi, kisha akamtazama Lormeau, aliyekuwa bado anahamisha bikari.

"Umesahau sikio, Bikari," akasema. "Pima na sikio."

Wakamchukua uani. Hapakuwa na ukuta mzuri, wakamsimamisha mbele ya jiwe la marumaru lisilochongwa ambalo limekaa pale miaka. Alivua shati langu akalikunja akaliweka chini. Sijui kwa nini. Labda lisitoboke. Risasi sita, kisha moja. Lormeau alikuwa amesimama mlangoni na bikari wazi mkononi kwa kipimo kilekile cha shavu.

Kapteni akasema, "Kesho kutwa asubuhi nitakuja na mpiga picha. Nyuso zilizobaki ziko wazi kama kwenye kitabu, mtaa mzima utatusaidia majina. Kazi hii isiguswe. Ikiguswa, ninyi wawili mtasimama pale pale." Akaacha askari mmoja getini.

24 Mei
Mji unaungua. Majivu ya karatasi yanaanguka uani kama theluji nyeusi, mengine bado yana maandishi ya wino.

Jana jioni Zélie na mimi tulimbeba Annet kwenye mkokoteni wake wa nguo. Hakuuliza kitu. Alinisaidia kumfunga, akanisahihisha fundo.

Kati ya wale kumi na saba, nimehesabu tisa ambao labda wako hai. Fayolle yuko hai, amejificha kwenye tanuri lake bovu. Siwezi kukata udongo kwa waya wala kuubomoa kwa nyundo, alama zingeonekana, na ningelipa kwa shingo yangu. Nimekaa tangu alfajiri nikiwaza. Kisha nikachukua ndoo.

Kila mtu mtaani anajua kwamba Marien analowesha. Basi nimelowesha. Nilivuta pampu, nikamwaga, nikavuta, nikamwaga. Sikukamua mashuka. Nilimwaga juu, nyuma ya mabega, kwenye mianya ya vichwa. Askari wa getini, kijana wa Bretagne mwenye chunusi, akaja kutazama.

"Unafanya nini?"

"Nalowesha. Kapteni kasema kazi isiharibike. Joto hili, udongo usikauke."

"Kwetu mjomba ni mfinyanzi," akasema. Akaegemeza bunduki ukutani, akanivutia pampu. Ile bunduki ilikuwa moja ya zile sita. Tulifanya kazi pamoja saa nzima, akinisimulia kuhusu mjomba wake, nami nikimwambia ndiyo, ndiyo.

Saa kumi jioni Lormeau akashuka kutoka chumbani kwake. Yule kijana alikuwa amerudi getini. Lormeau akasimama mbele ya Ubao. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mashuka rangi ya maziwa, na sakafu yote ni tope. Hakuna mtu duniani anayejua kuliko yeye maana yake ni nini. Nilikuwa nimeweka nyundo ya mti nyuma ya pipa. Nilikuwa nimekata shauri: akiita, nampiga kwenye utosi, yatakayofuata yafuate.

Akainua shuka. Akaweka kiganja juu ya uso wa Fayolle, kikaingia.

"Haitaporomoka," akasema.

Nikashika mpini.

"Maji peke yake hayatoshi. Nyuma ya kila kichwa nimefunga misalaba ya vijiti kwa waya, kwenye vyuma vilivyomo ndani ya udongo. Itashika mpaka wiki ijayo." Akatoa koleo mfukoni. "Endelea kumwaga. Ukifanya kelele za ndoo, askari hatanisikia."

Akapita nyuma ya Ubao. Nikawa namwaga na kugonga ndoo, na huko nyuma nasikia koleo likikata, na baada ya kila mkato anataja jina kwa sauti ndogo. Fayolle. Grandjean. Mzee Patureau. Kila jina, uso mmoja unainama mbele, taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani, kisha unakwenda chini na kuwa tope. Alipofika wa tatu kushoto nikamsikia amesimama.

"Huyu usimmwagie," akasema.

"Kwa nini?"

"Wamekwisha mmaliza."

Nikaendelea kugonga ndoo.

25 Mei
Naandika kwa taabu. Mkono wa kushoto umevunjika mahali pawili. Bahati ni wa kushoto.

Kapteni alikuja saa mbili asubuhi na mpiga picha na sanduku lake la miguu mitatu. Wakakuta vyuma vitupu na lundo la tope, na uso mmoja umening'inia kushoto, unaimba. Kapteni hakupaza sauti. Akauliza ni nani.

Lormeau akatoka nyuma na kibao cha kupigia udongo. "Huyu hapa," akasema. "Punda huyu wa Creuse. Miezi minane ya kazi yangu, akaizamisha."

Akaanza kunipiga. Pigo la kwanza lilivunja mkono niliokinga nao. La pili lilinilaza topeni. Akaendelea, mgongoni, mbavuni, kichwani, akinitukana matusi ambayo sikuwahi kuyasikia kwake, na alikuwa analia, makamasi yanamtoka. Yule kijana wa Bretagne akasema, "Ni kweli, kapteni, alikuwa anamwaga jana kutwa. Alisema udongo usikauke. Hata mimi nilimsaidia." Kapteni akamzaba kofi. Kisha akatutazama sisi wawili topeni, mzee na kibao na mimi chini yake, akaanza kucheka.

"Inatosha. Utamuua, na nina kazi hiyo ya kutosha."

Akamwambia Lormeau amtajie majina kwa mdomo basi. Lormeau akasema hajui majina ya watu, yeye hutazama nyuso. Kapteni akampiga kwa ala ya upanga, meno ya mbele yakatoka. Wakamchukua wamemfunga na wengine, kamba moja.

Nimelala kwa Zélie. Nafikiri na sipati. Alinipiga ili niishi, hilo naliona. Lakini yule aliyekuwa analia juu yangu hakuwa akiigiza. Alikuwa ananipiga kwa ajili ya Ubao wake, na labda kwa ajili ya lile neno lake, njoo hapa, na mimi ndiye niliyelisikia. Mpaka sasa sijui mapigo mangapi yalikuwa ya kumwonyesha kapteni na mangapi yalikuwa yangu.

29 Mei
Kumetulia. Wanasema wamekwisha waua wote. Si wote, kwa sababu mabunduki bado yanasikika kwa mafungu, upande wa bustani ya Luxembourg.

3 Juni
Fayolle amefungua duka. Anauza mkate macho yakiwa mlangoni. Hakuna aliyemjia. Kila asubuhi napita hapo kuangalia kama yupo.

8 Juni
Fayolle yupo.

12 Juni
Lormeau amerudi. Walimweka siku kumi na nane kwenye kambi ya mateka, mvuani. Siku kumi na nane za kuulizwa majina, na Fayolle yupo. Nilikwenda kumwona kwa sababu nilitaka kuona. Midomo imeingia ndani. Alikuwa amekoroga plasta, ya kwanza kuingia humo tangu mwaka jana, na amemtoa Annet. Ule uso mweupe ulikuwa mezani, mdomo wazi, sikio limechanika, na ufa wa ukavu umepita shavuni. Mkono wangu uliofungwa hakuutazama.

"Mkewe akija mpe," akasema.

"Mpe wewe."

17 Juni, Jumamosi
Kesho naondoka kwenda kwetu. Mwashi wa mkono mmoja hana kazi mjini, na nyumbani nyasi zinakaribia kukatwa.

Leo Zélie alikuja kuchukua mashuka yake. Tangu siku ile alikuwa hajaniuliza kitu. Mlangoni pa karakana akaniuliza.

"Nani alimwita Annet atoke?"

Ningeweza kusema ni kofia, ni baruti, ni bahati mbaya. Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya koleo, na majina, na kamba, ili iwe yote. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja mikono yake myekundu ndani ya aproni.

"Sawa," akasema. "Nisubiri hapa, shemeji."

Akaingia peke yake. Nilingoja kelele, au kitu kuvunjika. Bikari ilikuwa mlangoni mahali pake, na nyundo ilikuwa mezani, yeye ni mwanamke mwenye nguvu. Nilisikia sauti yake mara moja, fupi, na ya Lormeau sikuisikia kabisa.

Akatoka na mashuka mawili begani, magumu kwa tope lililokauka. Uso hakutoka nao.

"Hukuuchukua?"

"Amemfanya mkubwa," akasema Zélie.

"Ndivyo wanavyofanya, shemeji. Ikiwa kipimo cha mtu inaonekana mtoto."

"Najua kipimo chake." Akageuza mashuka upande wa pili wa bega. "Nimemwambia auweke pale kwenye kigoda, mbele ya kitanda chake. Nimemwambia nitakuwa napita kila Jumamosi kuangalia kama upo."

Tukatembea mpaka pampu. Akanitaka nimvutie maji kwa mkono mzima, akayasugua mashuka hapo hapo barabarani mpaka zikaonekana zile herufi nyekundu. Damu ya jino langu haikutoka. Nilimwambia ayalalie hivyo hivyo.

Jioni sikulowesha kitu.